Kutoka Kituo cha Kulelea Watoto hadi Wodini, na Kurudi

Maambukizi ya njia ya hewa hupita kati ya vituo vya kulelea watoto na hospitali kwa kwenda na kurudi. Mtoto wa miaka mitatu anapata mafua kituoni, anayafikisha nyumbani kwa mdogo wake wa miezi miwili, mdogo anazidiwa na kulazwa. Wodini anamwambukiza mwenzake wa kitanda cha pili, au nesi anayemhudumia. Nesi naye ana mtoto, na kesho yake alfajiri, kabla ya kuingia zamu, atampitisha kituoni. Mzunguko huu hauhitaji ugonjwa mkali. Wanaouendesha zaidi ni watu wasiohesabiwa kuwa wagonjwa: mtoto anayecheza vizuri huku kamasi zinamchuruzika, mlezi mwenye kikohozi kidogo, daktari mwenye koo linalowasha ambaye angeona haya kuomba ruhusa kwa ajili ya koo tu.

Kiutawala, sehemu hizi mbili hazijuani. Nchini Tanzania, kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kiko mikononi mwa maofisa ustawi wa jamii, kwa msingi wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ilhali wodi iko chini ya watu wa afya. Na hapo vinatajwa vituo vilivyosajiliwa tu. Mijini, watoto wengi wa wazazi wenye kipato kidogo hulelewa katika chumba kimoja cha jirani, kama ilivyo katika mitaa ya Mukuru na Kibera jijini Nairobi, kwa malipo ya siku kwa siku. Jirani huyo pengine hana cheti wala kibao mlangoni, lakini yeye ndiye anayeona mafua ya mtaa mzima yakianza, mapema kuliko hospitali yoyote, na hakuna anayemuuliza.

Mtoto mdogo hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka hata akilelewa nyumbani. Anayekaa na wenzake kituoni huweza kupata zaidi, hasa katika mwaka wake wa kwanza wa kujiunga. Kinga yake haijakutana bado na virusi vingi, kila anachoshika hukitia mdomoni, na hajui kupenga kamasi wala kufunika kikohozi. Juu ya hayo, mirija yake ya hewa ni myembamba: uvimbe wa milimita moja ambao kwa mtu mzima ni kero tu, kwa mtoto mchanga huziba sehemu kubwa ya njia ya kupumulia. Ndiyo maana kirusi kilekile humfanya mwalimu wa chekechea apige chafya siku tatu, na kumweka mtoto wa miezi miwili kwenye oksijeni.

Virusi vyenyewe ni vingi: vya mafua ya kawaida, vya influenza, adenovirusi, vya korona. Wamo pia bakteria wa nimokoka na wa kifaduro, na kuna surua, ambayo huingia kwa njia ya hewa ingawa watu huikumbuka kwa vipele. Lakini kwa watoto wachanga hakuna kirusi kinachojaza wodi kama kile kinachofahamika kwa herufi tatu, RSV. Kilitambuliwa mwaka 1956 kwa sokwe wa maabara nchini Marekani waliokuwa na mafua, na mwaka uliofuata Robert Chanock na wenzake wakakikuta kwa watoto wa Baltimore. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema kilisababisha magonjwa ya njia ya chini ya hewa mara milioni 33 kwa watoto wa chini ya miaka mitano duniani, kikawalaza milioni 3.6 na kuua zaidi ya 100,000. Takriban vifo vyote hivyo, asilimia 97, vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu vilikuwa vya watoto wasiofikisha miezi sita. Makala haya yanakitumia RSV kama mfano mkuu kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu historia yake imeandikwa vizuri pande zote mbili, hospitalini na nyumbani.

Upande wa hospitali ulifunuliwa Rochester, katika jimbo la New York, na daktari wa watoto Caroline Breese Hall. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha walichokiona katika wodi moja ya watoto wachanga wakati RSV ilipokuwa imeenea mjini. Kati ya watoto 44 walioingia wodini bila kirusi hicho, 14 walikipatia humohumo ndani. Kadiri mtoto alivyokaa siku nyingi ndivyo hatari ilivyopanda. Na katika wafanyakazi 24 waliochunguzwa, 10 waliambukizwa. Kwa wengi wao yalikuwa mafua ya kawaida, si ugonjwa wa kumfanya mtu abaki nyumbani. Hospitali ikajikuta mahali pagumu: mtoto analetwa kwa kuharisha au kwa kuungua moto, anapona alicholetewa, anaondoka na kifua.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye mafunzo zaidi. Hall alitaka kujua kirusi kinapitaje hasa. Kwa utafiti uliochapishwa mwaka 1981, aliwagawa watu wa kujitolea katika makundi matatu. Wa kwanza walimpakata na kumhudumia mtoto mgonjwa, kama nesi au mama anavyofanya. Wa pili hawakumgusa mtoto, bali waligusa vitu vilivyomzunguka, kisha wakajigusa pua au macho. Wa tatu walikaa tu ndani ya chumba, umbali wa karibu mita mbili kutoka kitandani. Katika waliompakata, waliambukizwa 5 kati ya 7. Katika waliogusa vitu, 4 kati ya 10. Katika wale 14 waliokaa mbali, hakuna hata mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 1980, kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha kwamba kamasi yenye RSV hubaki na kirusi hai juu ya meza kwa saa hadi sita, juu ya glavu kwa saa moja na nusu, juu ya nguo na karatasi kwa takriban nusu saa au zaidi kidogo, na juu ya ngozi ya mkono kwa dakika zipatazo 20.

Idadi hizi ni ndogo, na mtafiti wa leo angecheka kusikia jaribio la watu 31. Hata hivyo zimedumu, kwa kuwa zilionyesha jambo ambalo idadi kubwa isingelionyesha wazi zaidi: kwa kirusi hiki, mkono ni hatari kuliko hewa ya chumba. Glavu, ambayo wengi huiona kama ngao, inakibeba kirusi kwa muda mrefu kuliko ngozi tupu. Nesi anayehama na glavu ileile kutoka kitanda hadi kitanda analinda mkono wake na kuwaambukiza wagonjwa wake.

Upande wa nyumbani ulifunuliwa Kilifi, pwani ya Kenya, na watafiti wa taasisi ya KEMRI ya Kenya na shirika la Wellcome Trust ambao wamekuwa wakifanya kazi katika hospitali ya mji huo tangu mwaka 1989. Swali lao lilikuwa rahisi kutamka na gumu kujibu: mtoto mchanga anayelazwa kwa RSV aliipata kwa nani? Kuanzia mwishoni mwa 2009 hadi katikati ya 2010 walizifuata kaya 47 zenye watu 493, wakichukua sampuli za puani mara mbili kwa wiki kwa kila mtu, awe anaumwa au haumwi. Kazi hiyo ya kusumbua pua za watu wazima na watoto kwa nusu mwaka mzima ilileta jibu. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga walioambukizwa waliambukizwa na mtu wa nyumba yao, na mara nyingi aliyekiingiza kirusi ndani ya nyumba alikuwa kaka au dada mkubwa, hasa mwenye umri wa kwenda shule. Takriban maambukizi 4 katika kila 10 hayakuwa na dalili yoyote. Na mtu aliyeambukizwa alitoa kirusi kwa wastani wa siku 11 hivi.

Matokeo ya Kilifi na ya Rochester yakiwekwa pamoja, kanuni inayobandikwa kwenye milango ya vituo vingi, ile ya kumrudisha nyumbani kila mtoto mwenye mafua, inaonyesha udhaifu wake. Mtoto hutoa kirusi kabla ya kamasi kuanza na baada ya kamasi kukauka, na wengine hawatoi kamasi kabisa. Anayesubiri pua ionyeshe alama amechelewa. Isitoshe, kanuni hiyo ikifuatwa kwa ukamilifu, kituo kitakuwa kitupu miezi yote ya baridi na mvua, na mama atakuwa amepoteza kibarua. Basi haifuatwi. Mama humfuta mtoto pua vizuri karibu na geti, humpa dawa ya kushusha homa kabla ya kutoka nyumbani, humkabidhi mlezi na kuondoka haraka. Walezi wanalijua hilo, nao hunyamaza, kwa sababu ada ya siku hiyo inawahusu. Sheria ambayo kila mtu ana sababu ya kuikwepa ni mbaya kuliko kukosa sheria, kwani huficha ugonjwa uliopaswa kusemwa.

Kinachofaa ni mpaka mwembamba zaidi, unaotenganisha mafua na hatari. Mtoto abaki nyumbani akiwa na homa pamoja na kunyong'onyea, akikataa kunyonya au kula, akitapika kila kitu, akiwa na vipele na homa, au akipumua kwa shida. Kupumua kwa shida kunaweza kuhesabiwa na mlezi yeyote mwenye saa ya mkononi au simu. Mtoto akiwa ametulia, halii, kifua chake kinatazamwa kwa dakika nzima. Kwa mwenye umri chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Kuanzia miezi miwili hadi chini ya mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Hivi ndivyo vipimo vya Shirika la Afya Duniani ambavyo wahudumu wa zahanati hufundishwa. Kifua kikibonyea chini ya mbavu wakati wa kuvuta hewa, kuhesabu hakuhitajiki tena. Mtoto apelekwe hospitali. Hakuna sababu ya ujuzi huu kuishia zahanati. Mlezi anayejua kuhesabu pumzi humfikisha mtoto hospitali siku moja mapema, na siku hiyo moja inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya dawa za kunywa nyumbani na oksijeni wodini.

Swali la kibarua halijibiwi na kituo peke yake. Sheria ya ajira ya Tanzania humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na ya Kenya miezi mitatu. Maana yake, mama mwenye ajira rasmi anarudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu hivi, na mwenye genge au kibanda cha mama lishe anarudi mapema zaidi. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya mwaka wa kwanza wa mtoto, wakati ambapo RSV huua zaidi. Mtoto anaingizwa katika chumba cha watoto wengi hasa katika miezi ambayo mapafu yake hayawezi kustahimili chumba cha watoto wengi. Kama kuna jambo moja ambalo mwenye kituo anaweza kulifanya bila fedha ya mtu mwingine, ni kuwatenga watoto wa chini ya miezi sita na wakubwa: chumba chao, mkeka wao, mlezi wao ambaye siku hiyo hashiki wakubwa. Penye chumba kimoja, hata kona moja iliyozuiwa kwa kabati inasaidia, mradi mlezi asiwe anaruka kutoka kwenye pua ya mmoja hadi kwenye chupa ya mwingine.

Wodi za Afrika Mashariki zina jambo ambalo wodi ya Rochester haikuwa nalo kwa kiasi hicho, nalo ni mama. Kila mtoto amelazwa na mama yake au bibi yake, na msimu wa kifua ukipamba moto kitanda kimoja huwa na watoto wawili na mama wawili. Mwandishi wa makala haya amewahi kulala katika wodi ya namna hiyo wakati wa masika, akimuuguza mtoto wa dada yake. Kilichoonekana usiku kucha ni ukarimu. Mama akienda kuoga, jirani humshika mtoto wake. Mama akitumwa dawa nje ya hospitali, mtoto hupakatwa na bibi wa kitanda cha dirishani, ambaye amembeba mjukuu wake mgongoni. Pindo la kanga linalomfuta huyu kamasi ndilo linalomfuta yule uji. Kikombe cha chai kinazunguka. Kwa kipimo cha Hall, kila mama wodini yumo katika makundi mawili ya kwanza kwa wakati mmoja: anayepakata na anayegusa. Na hakuna anayeweza kusimama katikati ya wodi akawakataza wanawake hao kusaidiana, wala haifai, kwa kuwa bila msaada huo watoto wangebaki peke yao na nesi mmoja wa zamu ya usiku asingewafikia wote.

Kwa hiyo wodi inayotaka kuzuia maambukizi lazima ianze na mama, kabla hata ya kuwatazama watumishi wake. Sinki liwe mahali anapopita akitoka chooni na akirudi kitandani, lisiwe ndani ya chumba cha manesi. Sabuni iwepo, tena isifungwe kabatini kwa kuogopa kuibwa. Kipande cha sabuni kinachopotea ni gharama ndogo kuliko siku moja ya oksijeni. Wagonjwa wa kifua wapangwe upande mmoja, na wenye kuvunjika, kuungua au kuharisha upande mwingine, hata kama hakuna kipimo cha maabara cha kutaja kirusi. Hospitali nyingi hazina kipimo hicho, na hazina haja ya kukisubiri: kikohozi chenye kukoroma kwa mtoto wa chini ya mwaka kinatosha kumpangia kitanda. Kipimo cha kusikilizia mapafu kifutwe kwa spiriti baada ya kila mtoto. Kaka na dada walio watoto wasiingie wodini kutazama wagonjwa. Sheria ya mwisho inajulikana sana na hulalamikiwa sana, lakini matokeo ya Kilifi yanaitetea: huyo kaka au dada aliyezuiwa getini, pengine ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani, na kesho ataurudisha kituoni.

Nje ya wodi kuna benchi. Mahali pengi mtoto mzima anayeletwa kupimwa uzito na kuchanjwa hukaa benchi moja na mtoto mwenye homa anayesubiri daktari, kwa saa mbili au tatu, asubuhi ileile. Kwa RSV hilo ni baya. Kwa surua ni baya zaidi, kwa sababu kirusi cha surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kutenganisha siku za kliniki na za wagonjwa, au kuweka benchi mbili zenye milango tofauti, ni kazi ya seremala na ya mtu wa kupanga foleni. Mtu huyo awe na macho makali, amwite mbele kila mtoto mwenye vipele na homa bila kujali amefika wa ngapi.

Juu ya mikono, ushahidi ni mwingi na unapendeza kwa urahisi wake. Mjini Karachi, Pakistan, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulizipatia kaya za mitaa maskini sabuni na kuzihimiza kunawa. Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilipungua kwa nusu. Sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawasawa na ile iliyotiwa dawa ya kuua bakteria, habari njema kwa anayenunua mche wa kukata vipande. Katika vituo vyenyewe, majaribio ya Canberra nchini Australia katika miaka ya 1990 yaliwafundisha walezi kunawa na kuwanawisha watoto kwa nyakati maalumu. Mafanikio yalionekana kwa watoto wa miezi 24 na chini ya hapo, hasa pale kanuni zilipofuatwa kweli. Almería, kusini mwa Hispania, watoto 911 wa vituo 24 walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: waliotumia kitakasa mikono pamoja na mafunzo kwa walezi na wazazi walipata maambukizi ya njia ya hewa pungufu kwa takriban asilimia 23 kuliko wale ambao hawakubadilishiwa utaratibu.

Haya yasisomwe kama ushindi wa kitakasa dhidi ya sabuni. Mkono wa mtoto wa miaka miwili mara nyingi una uji, mchanga na kamasi, na juu ya uchafu wa namna hiyo kitakasa hakifiki vizuri kwenye ngozi. Adenovirusi na virusi vya mafua ya kawaida navyo hukistahimili kuliko RSV na influenza. Penye maji, sabuni itangulie. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinatosha: dumu dogo lililotobolewa, limening'inizwa kwenye kijiti, linavutwa kwa kamba ya kukanyaga, mkono mchafu usikiguse chombo. Mwaka 2020, korona ilipoingia, ndoo zenye koki zilijaa kwenye kila mlango wa Afrika Mashariki na neno la maji tiririka likawa midomoni mwa watoto. Miaka michache baadaye ndoo nyingi zilikuwa zimekauka, koki zimevunjika. Kituo kinachodumisha unawaji ni kile kilichoufunga kwenye ratiba ambayo haiwezi kurukwa: watoto wakifika, kabla ya uji, baada ya choo, baada ya kupenga, kabla ya kuondoka. Kunawa wakati wa kufika huvizuia virusi vya nyumbani visiingie. Kunawa wakati wa kuondoka huvizuia vya kituo visiende kwa mtoto mchanga. Wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili, kwa kuwa jioni kila mtu anakimbilia daladala.

Kuhusu hewa na chumba, maneno machache yanatosha. Madirisha yafunguliwe pande mbili. Watoto wanapolala mchana wapangwe kichwa kwa miguu, ili pua zisikabiliane. Midoli inayotiwa mdomoni ioshwe kila siku na kuanikwa juani. Ya manyoya haifai kituoni. Kila mtoto awe na kikombe chake na kitambaa chake chenye alama. Jiko la mkaa likae nje, maana moshi hudhoofisha kinga ya mirija ya hewa na kuufanya ugonjwa mdogo kuwa mkubwa.

Mtumishi mgonjwa ni sura ngumu kuliko mtoto mgonjwa. Mlezi analipwa kwa siku. Nesi anajua kwamba akikosekana, mwenzake atabaki na wodi nzima. Kuwaambia wabaki nyumbani kwa mafua ni kusema neno lisilotekelezeka. Kuna njia ya katikati, nayo ni kubadilisha kazi. Mwenye mafua kituoni ahamie jikoni? Hapana, huko atagusa chakula. Ahamie kwa watoto wakubwa, avae barakoa, asiwashike wachanga. Wodini, ahamie kwenye mafaili, au kwa wagonjwa wakubwa wasio na udhaifu, na asiingie kabisa chumba cha njiti. Uamuzi huo hauhitaji bajeti. Unahitaji msimamizi anayeuliza kila asubuhi nani ana kikohozi, na kuuliza kwa namna ambayo mtu hataona aibu kujibu kweli.

Chanjo hukata safari hii mahali ambapo mikono haifiki. Chanjo ya watoto wadogo dhidi ya kifaduro na bakteria wa Hib imo ndani ya sindano ya pamoja. Ya nimokoka iliingia Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwanzoni mwa 2013. Kilifi, ambako magonjwa yalikuwa yakihesabiwa kwa miaka mingi kabla, maambukizi makali ya aina za nimokoka zilizomo ndani ya chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata wasiochanjwa walinufaika, kwa kuwa bakteria huyo hukaa puani mwa watoto wadogo kabla ya kuwafikia wengine. Japani ilionyesha jambo hilohilo kwa influenza bila kukusudia. Kuanzia 1962 wanafunzi wa shule walichanjwa kwa wingi. Sheria iliyolazimisha chanjo hiyo ililegezwa 1987 na kufutwa 1994. Watafiti walipohesabu vifo baadaye, waliona kwamba miaka ya kuchanja watoto vifo vya majira ya baridi vilipungua, hasa vya wazee, na baada ya kuacha vikapanda. Walikadiria kwamba chanjo hiyo ya shuleni ilizuia vifo kati ya 37,000 na 49,000 kwa mwaka. Takwimu hizo zimejadiliwa, lakini mwelekeo wake unaafikiana na ule wa Kilifi: pua ya mtoto ni mlango wa nyumba nzima.

Kwa RSV, kinga imekuja hivi karibuni. Tangu mwaka 2023 ipo chanjo ya mjamzito, ambaye hupitisha kinga kwa mtoto aliye tumboni, na ipo sindano ya kingamwili anayochomwa mtoto mwenyewe, ambayo humlinda kwa miezi kadhaa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zote zitumie mojawapo. Zote mbili zinalenga miezi ileile ambayo likizo ya uzazi haiifiki vizuri. Bei na foleni ya ununuzi ndivyo vitakavyoamua lini zitafika kliniki za kawaida.

Linalobaki ni taarifa, na hapa pengo kati ya kituo na hospitali ni pana kuliko mahali pengine popote. Daktari humuuliza mama kama mtoto ananyonya, kama amechanjwa, kama anaharisha. Ni nadra kumuuliza analelewa wapi mchana. Nafasi ya kuandika jina la kituo na namba ya simu ya mlezi kwenye kadi ya kliniki ingetosha. Mtoto anaporuhusiwa, barua yake iseme wazi kwamba anaweza kuendelea kutoa kirusi kwa siku kadhaa hata akionekana mzima, asilazwe karibu na wachanga wiki hiyo. Kituo nacho kiwe na daftari la watoto waliokosa kuja na sababu yake. Watoto wanne wakikosekana kwa kifua ndani ya siku tatu, simu ipigwe zahanati, ambayo itajua kuandaa vitanda na oksijeni.

Kwa surua, simu ya kutoka hospitali kwenda kituoni nayo ina muda wake. Mgonjwa huambukiza kuanzia siku nne kabla ya vipele kutokea, hivyo siku daktari anapoitambua, waliocheza naye mapema wiki ile wameshakutana na kirusi. Lakini kwa waliokaa naye siku za mwisho bado kuna nafasi: chanjo ya surua ikitolewa ndani ya saa 72 baada ya kukutana na mgonjwa inaweza kumkinga mtoto ambaye hakuwa amechanjwa. Hospitali ikimpigia mlezi mchana uleule, kadi zote za kliniki hukaguliwa kabla wazazi hawajaja kuchukua watoto wao. Ikisubiri ripoti ya mwisho wa wiki, saa hizo zinakuwa zimekwisha.